Picha Zilizotoka Bukoba Bila Majina

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. 19 kati yao walifariki. Wavuvi waliwahi na mitumbwi kabla ya vikosi vya uokoaji, na waliobaki ufukweni waliwahi na simu zao. Mchana haujaisha, picha za mkia wa ndege ukichomoza majini, na umati ukivuta kamba, zilikuwa zimeshaenea dunia nzima. Zile zilizopitia kwa mashirika ya habari kama AFP zilikuwa na jina la mpiga picha chini yake. Zilizopitia WhatsApp hazikuwa na jina la mtu yeyote, na baadhi zilifika kwa wasomaji zikiwa tayari zimegongwa nembo za kurasa ambazo hazikuwa na mwakilishi hata mmoja mkoani Kagera.

Wapiga picha wa Bukoba na Muleba walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini malalamiko hayo si ya jana. Kagera imekuwa ikichorwa na kupigwa picha na watu wa mbali, na picha zake kutunzwa na kuuzwa mbali, tangu kabla mji wa Bukoba haujajengwa.

Mwaka 1860 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walianza safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile, na Grant alikuwa na kamera. Upigaji picha wa zama zile ulikuwa adhabu. Bamba la kioo lilipakwa dawa, likatumika, kisha likasafishwa papo hapo ndani ya kihema kilichozibwa mwanga. Speke aliona kwamba joto la kihema hicho lingemuua mwenzake mapema, akairudisha kamera pwani. Walipofika Karagwe, katika Kagera ya leo, mwishoni mwa mwaka 1861 na kupokewa na mfalme wake, Omukama Rumanyika, walibaki na penseli na rangi za maji. Michoro ya Grant ikapelekwa Uingereza, wachongaji wakaichonga upya kwa ajili ya uchapaji, na mwaka 1863 ikatoka ndani ya kitabu cha Speke. Sura ya kwanza ya Kagera kusambaa Ulaya ilikuwa, basi, nakala ya mchoro, na aliyechorwa hakupata hata kipande.

Bukoba yenyewe ilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890 kama kituo cha Wajerumani kando ya ziwa. Kamera zilifuata, safari hii nyepesi kidogo. Mwaka 1907 msafara wa kisayansi wa Mwanamfalme Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipita Bukoba ukielekea Rwanda na Kongo, ukarudi Ujerumani na picha zilizojaza kitabu. Mwaka 1910 Hermann Rehse, ofisa aliyewahi kukaa Bukoba, alichapisha mjini Stuttgart kitabu kizima kuhusu watu wa Kiziba na maisha yao, nacho kikiwa na picha.

Mwaka huo wa 1907 una kisa chake, na kisa hicho kinaanzia kwenye maiti ya mkubwa. Bismarck, aliyekuwa Kansela wa Ujerumani, alifariki Julai 1898. Wapiga picha wawili wakajipenyeza usiku kupitia dirishani, wakapiga picha maiti kitandani na kuanza kutafuta mnunuzi. Familia ilikwenda mahakamani. Majaji waliwanyang'anya watu hao picha zao, lakini ilibidi watumie hoja ya kuingia nyumba ya mtu bila ruhusa, kwa sababu hapakuwa na sheria iliyosema sura ya mtu ni yake. Pengo hilo lilizibwa Januari 1907. Sheria mpya ya Ujerumani ilimpa mpiga picha ulinzi wa miaka 10 tangu picha itolewe, na ikamkataza mtu kusambaza sura ya mwenzake bila ridhaa yake. Miezi michache baadaye msafara wa mwanamfalme ulikuwa ukifungua masanduku ya kamera Bukoba. Mhaya aliyesimama mbele ya lenzi hakuguswa na kifungu hicho. Watu wa koloni walitawaliwa kwa sheria zao za pembeni, na hakuna aliyedhani kuwa mkulima wa migomba au hata omukama mwenyewe angeweza kudai sura yake.

Juni 1915 Waingereza waliivamia Bukoba kwa meli kutoka Kisumu, wakabomoa kituo cha simu ya upepo na kuupora mji. Miongoni mwa askari wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers kilichoshiriki katika shambulio hilo, alikuwamo kama mpiganaji Cherry Kearton, mmoja wa wapiga picha wa wanyama waliosifika kuliko wote Uingereza. Vita ilipokwisha, utawala ulibadilika na sheria ya picha nayo ikabadilika.

Sheria hiyo ya Uingereza, ya mwaka 1911, iliyokuja kutumika pia Tanganyika, inastahili kutazamwa polepole, maana ndiyo iliyoongoza biashara ya studio kwa muda mrefu na wachache sana waliwahi kuisoma. Ilisema kwamba mtunzi wa picha ni yule aliyekuwa mwenye negativu siku ilipotengenezwa. Ulinzi ulidumu miaka 50 tangu negativu hiyo ilipopatikana. Halafu ikaongeza sharti: kama picha imeagizwa na kulipiwa na mtu, basi haki ya kunakili inaanzia kwa aliyelipa, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba mkulima wa kahawa wa Kamachumu aliyeingia studio na mkewe, akalipa, akakaa kwenye kiti mbele ya pazia lililochorwa bustani, ndiye aliyekuwa na haki kisheria. Mwenye studio alikuwa na negativu tu.

Lakini negativu ndiyo iliyokuwa na nguvu. Haki ilikuwa kwenye karatasi ambayo mteja hakuwahi kuiona. Negativu ilikuwa kwenye bahasha, ndani ya kabati, na funguo mfukoni mwa mwenye studio. Aliyetaka nakala ya pili kumpelekea ndugu Kampala au Mwanza alirudi dukani na kulipa tena. Nyuma ya picha paligongwa muhuri wa jina la studio, mara nyingine na namba ya negativu, na muhuri huo ulifanya kazi mbili: kumwambia mteja arudi wapi, na kumwambia mshindani kwamba kazi ina mwenyewe.

Miaka ya 1950 bei ya kahawa ilikuwa nzuri. Chama Kikuu cha Ushirika wa kahawa cha Bukoba kilisajiliwa mwaka 1950, na fedha za msimu ziliingia moja kwa moja kwenye baiskeli, mabati, ada za shule na picha. Nje ya mji kazi ilifanywa na wapiga picha wa kuzunguka, ambao baadaye walitembea na Yashica ya lenzi mbili kifuani. Walifika Nshamba, Rubya na Muleba siku za harusi, ubatizo na kipaimara, wakachukua kianzio, wakatoweka na mkanda. Mteja aliwasubiri kwa wasiwasi wa aina moja tu, yaani kuambiwa mkanda umeungua. Wazo kwamba picha yake ingeibwa halikuwapo. Ingeibwaje, na mkanda haujasafishwa?

Kunakili kulikuwapo hata hivyo, na kulikuwa kazi ya heshima. Mtu alipofariki bila kuacha picha kubwa, familia ilitoa kitambulisho au picha ndogo ya pasipoti, studio ikaipiga picha upya, ikaikuza, ikafuta mikunjo kwa penseli na kuitia fremu. Hakuna aliyeuliza kama studio iliyopiga ile ya kwanza imeridhia. Huenda ilikuwa imeshafungwa, au ilikuwa ya jirani. Muhuri wa nyuma haukuonekana kwenye nakala, kwa hiyo jina la mpiga picha wa kwanza lilipotea hapo hapo, nusu karne kabla ya intaneti, na halikutajwa kama wizi.

Kuna sura moja ya Kagera iliyonakiliwa kuliko zote za wakati wake. Laurean Rugambwa alisoma seminari ya Rubya, akawa askofu mwaka 1952 akiwa na makao Rutabo, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba, na tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuvaa kofia nyekundu. Vyombo vya habari vya dunia vilimkimbilia. Picha zake za Roma na za ziara za nje ziliingia kwenye maktaba za mashirika makubwa, na leo hifadhi za kibiashara huko nje zinauza haki ya kuzitumia kwa fedha za kigeni. Parokia inayotaka kuchapisha kitabu cha jubilei na kufuata sheria inaweza kujikuta inalipia sura ya mtoto wake mwenyewe. Watu wengi hawafuati. Wanaichukua mtandaoni, wanakata ukingo wenye nembo, wanachapisha. Ni vigumu kuwalaumu kwa moyo mkunjufu.

Ajali ya MV Bukoba ilitokea tarehe 21 Mei 1996, meli ikiwa karibu kufika Mwanza kutoka Bukoba na Kemondo. Zaidi ya watu 800 walikufa. Picha ya tumbo la meli likielea juu, na watu wamesimama juu yake, ilipita kwenye magazeti ya karatasi na kwenye televisheni. Wakati ule gazeti lililotaka picha lilimtuma mtu au lililipa shirika. Miaka ilivyopita kurasa za magazeti hayo zilitiwa kwenye skana, na kila mwezi Mei picha hizo hurudi zikiwa na vumbi la nakala juu ya nakala, bila mwaka, bila gazeti, bila jina la aliyekuwa ndani ya mtumbwi na kamera siku ile.

Tetemeko la Septemba 2016 liliikuta Kagera ya aina nyingine. Lilipiga mchana wa tarehe 10, kwa ukubwa wa 5.9, likaua watu wasiopungua 16, likabomoa maelfu ya nyumba na kuziharibu shule kongwe za Ihungo na Nyakato. Sasa kila mtu alikuwa na kamera. Blogu za nyumbani, Bukobawadau ikiwa miongoni mwa zinazofahamika, zilikuwa zimeshazoea kurusha picha za harusi, misiba na vikao vya wana-Kagera walioko Dar es Salaam na ughaibuni, na desturi ya kuandika jina juu ya picha ilikuwa imeshakomaa. Jina hilo ni mjukuu wa ule muhuri wa studio, isipokuwa limehama kutoka nyuma kuja mbele.

Kuhama huko kuna gharama. Jina likiwekwa pembeni, linakatwa kwa kidole. Likiwekwa katikati, juu ya kifua cha bibi harusi, hakuna atakayelikata, na hakuna atakayeipenda picha. Wapo wanaolififisha na kulitandaza picha nzima. Siku hizi programu za kufuta maandishi zinapatikana kwenye simu ya kawaida, zinajaza pengo kwa rangi za kubuni, na mtazamaji hajui. Kuzuia kubofya kwa kitufe cha kulia kwenye tovuti hakumsumbui mwenye simu, maana yeye anapiga skrinishoti. Taarifa zinazokaa ndani ya faili, yaani jina la mpiga picha, tarehe na aina ya kamera, huondolewa picha inapotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Kinachosaidia zaidi ni kile ambacho studio za zamani zilikifanya bila kukipa jina: kutotoa chenye thamani. Mpiga picha anarusha picha ndogo inayotosha kioo cha simu, na faili kubwa inayofaa kuchapishwa inabaki kwake.

Njia hiyo hutumiwa hata na serikali kubwa. Desemba 2008 Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, ilikabidhi kwa Wikimedia karibu picha 100,000, zikatumike bure kwa sharti la kutaja mpiga picha na hifadhi yenyewe. Upande mrefu wa kila picha ulikuwa pikseli 800 tu. Aliyetaka kubwa aliagiza na kulipa. Ndani yake zimo mamia ya picha za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilizopigwa na Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar es Salaam kabla ya Vita ya Kwanza. Sharti lilikuwa jepesi, na bado lilivunjwa kwa wingi: picha zilitumika bila jina, nyingine zikauzwa mitandaoni. Hifadhi hiyo haikuendelea kumwaga picha kwa mtindo ule.

Dobbertin alifariki mwaka 1961. Kwa sheria ya Ujerumani kazi yake inalindwa miaka 70 baada ya kifo, hadi mwisho wa 2031. Kwa sheria ya Tanzania, inayohesabu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, muda huo ulikwisha 2011. Askari na wapagazi aliowapiga picha hawamo katika hesabu yoyote kati ya hizo mbili.

Tanzania ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1966, ikajiunga na Mkataba wa Berne Julai 1994, kisha ikatunga sheria mpya, Na. 7 ya 1999, iliyozaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki. Chini ya Berne picha inalindwa tangu inapopigwa, bila kusajiliwa. Usajili COSOTA ni ushahidi, hauanzishi haki. Lakini kati ya 1911 na 1999 mizani iligeuka. Sheria ya sasa inaanzia kwa aliyeunda kazi, si kwa aliyelipa. Mpiga picha wa harusi wa Muleba leo ana msingi wa madai ambao mwenye Yashica hakuwa nao, na bibi harusi amepoteza kile ambacho bibi yake alikuwa nacho bila kujua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 iliongeza uzito: kukiuka hakimiliki kwa kutumia kompyuta ni jinai, na adhabu hupanda pale penye biashara.

Bibi harusi huyo alirudishiwa kitu mwaka 2022, ilipopitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kuunda tume yake. Katiba, katika ibara ya 16, ilikuwa imeshampa kila mtu haki ya faragha. Kenya imetangulia kuonyesha meno. Septemba 2023 kamishna wa data wa nchi hiyo aliitoza baa moja ya Nairobi shilingi za Kenya milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa, na shule moja milioni 4.55 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hapo ndipo malalamiko ya mpiga picha yanapomgeukia mwenyewe. Anayekasirika kwamba kurasa za Dar es Salaam zimemwibia picha ya ufukweni, je, alimuuliza yule mama aliyekuwa akilia kwenye picha? Ufukweni Bukoba siku ile ya Novemba hapakuwa na muda wa kuuliza, na habari ina haki zake. Kwenye misiba ya Kamachumu muda upo.

Walioporwa picha za maafa wana mfano mmoja wa kuutazama. Januari 2010, Haiti ilipopigwa na tetemeko, mpiga picha Daniel Morel alirusha picha zake Twitter. Mtu mwingine akazirusha kama zake, AFP ikazichukua kwake na kuzisambaza pamoja na Getty Images. Mashirika hayo yalidai kwamba kilichowekwa Twitter ni cha kutumiwa. Kesi ilichukua karibu miaka minne. Novemba 2013 baraza la wazee wa mahakama mjini New York lilimpa Morel dola milioni 1.2. Morel aliweza kuthibitisha kwamba picha ni zake na alikuwa na wakili. Mpiga picha wa Bukoba kwa kawaida hana wakili, na kiasi anachodai kwa picha moja mara nyingi hakifiki nauli ya basi hadi Dar es Salaam.

Anachoweza kukifanya bila wakili ni kidogo lakini kipo. TinEye tangu 2008, na Google tangu 2011, zinamruhusu kutafuta kwa kutumia picha yenyewe na kuona ilikobandikwa. Facebook, Instagram na YouTube zina fomu za kudai kazi iondolewe, zilizotokana na sheria ya Marekani ya 1998, na fomu hizo hujazwa kwa simu, bure, kutoka popote. Zinamtaka aeleze kazi ni ipi, imebandikwa wapi, na atamke kwamba ni yake. Upande wa pili ukibisha, kinachohitajika ni kile ambacho hakikuwahi kurushwa: faili la asili lenye ukubwa wake wote, pamoja na picha zilizopigwa sekunde chache kabla na sekunde chache baadaye, zenye namba zinazofuatana ndani ya kadi ile ile. Aliyekopi ana picha moja tu. Kwa hiyo wenye uzoefu hawafuti kadi baada ya kazi. Huhamishia kila kitu kwenye diski ya nje, pamoja na zile zilizotoka vibaya, na kuandika tarehe na mahali juu ya kasha.